Msimbo Bila Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, ambayo aghalabu hunasibishwa na wafanyabiashara, inawahusu pia wasomi wa Kiswahili katika enzi hii ya tarakilishi.

Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo wa programu huria uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Hata hivyo, uhuru huo una gharama. Mwanafunzi anayesahihisha istilahi kwenye tarakilishi ya maabara, kisha akaongeza nyingine nyumbani, hujikuta na nakala mbili zisizolingana. Isitoshe, programu asilia nayo haitulii; toleo jipya likitoka, marekebisho yasiyohamishwa huachwa nyuma. Kuzipa faili majina "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa" si suluhisho.

Dawa ipo. Mwaka 2005, Linus Torvalds alibuni Git ili kusimamia msimbo wa Linux, ambao umerekebishwa na maelfu ya watu. Kila tarakilishi huweza kubeba historia nzima ya kazi: nani alibadilisha nini, na lini. Marekebisho ya mtu hukaa katika tawi lake. Toleo jipya likija, huunganishwa nalo. Pale mstari mmoja ulipobadilishwa pande mbili kwa namna tofauti, Git huonyesha matini zote mbili, mhariri akaamua.

Je, huu si uhakiki wa matini? Mwanafasihi alinganishaye miswada ya utenzi mmoja hutaka kujua ni nani aliyegeuza ubeti, na kwa nini. Mara nyingi hapati jibu, kwani mnakili hakuacha maelezo. Ni kinaya basi kwamba wasomi wanaolalamikia ukimya wa wanakili wa kale hufuta nyayo zao wenyewe kila wanapohifadhi faili.

Wapo watakaodai kuwa haya ni ya wanasayansi. Dai hilo halina mashiko. Amri za msingi hujifunzwa kwa siku chache. Kilicho kigumu ni nidhamu, maana Git haihifadhi sababu isiyoandikwa. Idara za Kiswahili hazina budi kufundisha yote mawili, chombo na nidhamu yake, kabla istilahi za leo hazijawa mafumbo ya kesho.