Sumaku za leza zisiwapumbaze wenye mitaji Ufipa

Mwekezaji mdogo wa Sumbawanga anayevutwa na habari za sumaku zinazoundwa kwa leza anapaswa kwanza kuuliza swali la kibiashara: mzigo utakaotoka ng'ambo ya Ziwa Rukwa utauzwa ukiwa umefikia hatua gani?

Mzigo wenyewe upo. Ngualla, katika Wilaya ya Songwe, kuna akiba ya mbale tani milioni 18.5 zenye wastani wa asilimia 4.8 ya madini adimu. Thamani kubwa imo katika neodimiamu na praseodimiamu, ambazo huchanganywa na chuma na boroni kupata sumaku za mota za magari ya umeme.

Kwa njia ya kawaida, unga wa mchanganyiko huo hushindiliwa kwa nguvu ya sumaku ili chembe zielekee upande mmoja, kisha huchomwa tanuruni na kukatwa. Ukataji hupoteza mali. Leza huyeyusha unga tabaka juu ya tabaka hadi umbo litimie, na upotevu hupungua sana. Lakini chembe huganda zikielekea kila upande, na joto la ghafla huleta nyufa, hivyo sumaku ya leza bado ni dhaifu sana ikilinganishwa na ile ya tanuru. Hata dosari hizo zikiondolewa, leza hutaka unga uliokwisha kusafishwa. Haili makinikia.

Na makinikia ndiyo yaliyopangwa kuuzwa. Katika mkataba wa Aprili 2023 Serikali ilipata asilimia 16 ya Mamba Minerals, na asilimia 84 zikabaki kwa Peak ya Australia. Mpango wa awali wa kutenganisha madini hayo Teesside, Uingereza, uliwekwa kando. Shenghe ya China ikafunga mkataba wa kununua makinikia, na mwaka 2025 ikainunua Peak yenyewe. Muuzaji na mnunuzi wamekuwa nyumba moja, na bei ikipangwa chini, gawio la Serikali litakuwa jembamba vilevile. Hapo ndipo Tume ya Madini inapotakiwa kukaza macho.

Wafipa wa zamani waliofua chuma wasingeshangazwa na hoja hii. Kilichotoka katika ilungu hakikwenda moja kwa moja kwa mhunzi. Kilipita kwanza katika kintengwe, tanuru dogo la kusafishia. Leo kintengwe cha madini adimu kiko China, inayosafisha takriban asilimia 90 ya madini hayo duniani. Ilipoanza kudai vibali vya kuuza nje aina saba za madini hayo, Aprili 2025, baadhi ya viwanda vya magari nje ya China vilisimama kwa kukosa sumaku. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2017 tayari inakataza kusafirisha maliasili ghafi. Kinachotakiwa ni kuisimamia hadi hatua ya kutenganisha, badala ya kuona makinikia kuwa yametosha.

Kwa mwenye akiba ndogo, hisa za Peak zimeondoka katika soko la Australia, na Mamba Minerals haijaorodheshwa Dar es Salaam. Atakayepita madukani akiuza "hisa za Ngualla" aulizwe kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Tena bei ya madini haya haitabiriki: ilipaa mwanzoni mwa 2022, na kufikia 2024 ilikuwa imeanguka chini ya nusu.

Nafasi iliyo wazi ni ya chakula na usafirishaji. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Mahindi na maharage ya Ufipa yanafahamika, ila wafanyabiashara wa Mbeya na Mkwajuni wako karibu zaidi na mgodi, na lori la Sumbawanga litabeba gharama ya kuzunguka kupitia Tunduma. Mgodi hununua kwa zabuni, kwa mzigo uliochambuliwa, uliopimwa na wenye stakabadhi. Wanaouza gunia moja moja sokoni wana kazi ya kuungana na kusajili kampuni kabla zabuni ya kwanza haijatangazwa.