Mlango wa asistenti usiwe wa wajasiri peke yao

Mwaka jana nilisimama mara tatu mbele ya ofisi ya maasistenti, daftari mkononi, na mara tatu nikarudi bila kugonga. Mara ya kwanza nilisikia sauti ndani, nikasema wana kazi. Mara ya pili kulikuwa kimya, nikasema labda wametoka. Mara ya tatu sikutafuta hata sababu. Nilikuwa na swali moja tu kuhusu kozi ya utangulizi wa uandishi wa programu: kwa nini kompyuta inakataa mistari yangu sita?

Ninaandika haya kwa sababu najua sikuwa peke yangu katika korido ile.

Hali yetu tunaifahamu sote. Tulikuwa zaidi ya mia moja katika ukumbi mmoja. Kompyuta zilikuwa kumi na mbili, siku ambayo umeme upo. Tulikuja katika fakulte hii kwa ajili ya isimu, fasihi na tafsiri, na wengi wetu hatukuwahi kuandika hata barua kwa mashine. Sasa tunajifunza Python. Kozi inatolewa kwa Kifaransa, kompyuta inatugombeza kwa Kiingereza, nasi tunachanganyikiwa kwa Kiswahili. Profesa anaeleza vizuri, lakini saa ikiisha ana kozi nyingine inayomngoja. Asistenti ni mmoja. Hakuna karatasi ukutani inayosema siku gani na saa gani anapokea wanafunzi. Basi anayemfikia ni nani? Ni mwenye ujasiri, au anayejuana na watu wa ndani. Wengine wanabaki nje na maswali yao.

Na swali lililobaki nje halikai bure. Linatafuta njia. Ninakiri hapa: TP ya kwanza niliinakili kwa rafiki, naye aliipata kwa mkubwa wa promosyo ya juu aliyemlipa. Siku ya kusahihisha, asistenti aliniita mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa nne, akaniuliza: “Papa, huu unafanya nini?” Nikanyamaza. Hakunifokea. Alisema tu, “Ijumaa saa nane nitakuwa hapa. Uje na kazi yako mwenyewe, hata kama ni mbovu.”

Ijumaa ile nilienda, maana safari hii nilikuwa nimeitwa. Nilikuwa nimejaribu kuandika programu ndogo ya kugeuza majina kutoka umoja kwenda wingi. Kompyuta ilikuwa inajibu NameError, nami nilidhani Python yote imeharibika. Mama asistenti aliangalia kwa muda mfupi, akanirudishia daftari. “Soma mstari wa kwanza, halafu wa tatu. Kwa sauti.” Nikasoma. Juu nilikuwa nimeandika “neno”, chini “Neno”. Kwa Python, herufi kubwa na herufi ndogo si kitu kimoja, kwa hiyo nilikuwa nimelitaja jina ambalo sikuwahi kulitambulisha. Wiki mbili za kukosa usingizi, na kosa lilikuwa herufi moja!

Ila hakuniachia hapo. Baada ya kusahihisha, programu ilikwenda: kitabu ikawa vitabu, chakula ikawa vyakula. Nikafurahi. Akaniambia, “Sasa ipe chai.” Ikatoa “vyai”. “Ipe kiu.” Ikatoa “viu”. Tulicheka wote wawili. Kisha akauliza swali ambalo silisahau: “Na huko mtaani Lubumbashi, watu wanasema vitabu au bitabu? Programu yako inajua Kiswahili cha nani?” Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini kozi hii imewekwa kwetu. Kanuni niliyodhani naijua tangu utoto, mashine ilinionyesha kwamba naijua nusu tu. Inatazama herufi za mwanzo, haijui ngeli. Ngeli naijua mimi, na ni juu yangu kuieleza mpaka isibaki shaka. Hiyo ni kazi ya mtu wa lugha kabisa.

Dakika ishirini zilitosha. Silabusi niliyoinunua na kuisoma mara mbili haikunipa nilichopata katika dakika hizo, kwa sababu silabusi haiwezi kuona ulipokosea.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kujenga nyumba mpya.

Kwanza, saa za kupokea wanafunzi zibandikwe mlangoni. Saa mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Na ikiwezekana, mkutano ufanyike kwenye meza ya chumba cha kusomea, si ndani ya ofisi iliyofungwa. Mezani, swali la mmoja linasikiwa na watano, na anayeogopa anaweza kuanza kwa kusikiliza tu.

Pili, waliofaulu kozi mwaka uliopita wapewe vikundi vidogo chini ya uangalizi wa asistenti. Jambo hili si ndoto. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanafunzi wa ngazi ya kwanza ndio wanaoongoza vikundi vya kozi ya utangulizi wa programu. Mwaka 2020, wakati wa Korona, walimu wa kozi hiyo waliifungua bure kwa watu wa nchi nyingi kupitia intaneti, na waliosaidia vikundi walikuwa watu wa kujitolea. Mtaniambia kule wana pesa. Ni kweli. Lakini kikundi cha watu kumi na mkubwa wao mmoja hakihitaji pesa za Stanford. Na huyo mkubwa tayari tunaye, ila leo anauza TP. Tumpe kazi ya heshima.

Tatu, sisi wanafunzi tubadilike. “Mwalimu, sijaelewa kitu” si swali, ni kilio. Tuje na maneno matatu: nilitaka programu ifanye nini, imefanya nini, nimeshajaribu nini. Ujumbe wa kosa tuunakili jinsi ulivyo, hata kama Kiingereza chake hatukielewi. Mara nyingi, ukiandaa maneno hayo, unaliona kosa mwenyewe kabla ya kugonga mlango.

Ninajua jibu la walimu wetu: maasistenti wamelemewa, wana kozi nyingi na mshahara unaochelewa, na bado wana utafiti wao wa kumaliza. Siwalaumu. Lakini bila saa maalumu, wanasimamishwa kwenye korido na kwenye kituo cha basi, wanapigiwa simu usiku, na wanasahihisha TP mia moja zilizotoka mkono mmoja. Saa inayojulikana inamlinda mwalimu pia. Nje ya saa hiyo, ana haki ya kusema, “Rudi Ijumaa.”

Nina jirani yangu wa benchi ambaye aliacha kuja baada ya TP ya pili. Ngeli alizijua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha mwaka wa kwanza. Nina hakika “vyai” angeiona kabla ya asistenti kuitaja. Alikuwa na swali dogo kama langu, la herufi au nafasi iliyokosewa, na hakuna aliyemwambia, “Ijumaa saa nane uje.” Mimi niliitwa kwa sababu nilikamatwa nikinakili. Yeye hakunakili, na kwa hiyo hakuitwa.

Karatasi moja mlangoni ingetosha kumwita.