Mfereji Ulipokauka



Juma lililopita mfereji wa nyumbani kwetu ulikauka kwa siku sita. Siku ya kwanza hatukujali; kila apitaye alifungua, akasikia upepo ndani ya bomba, akafunga. Siku ya pili mama wa watoto wetu alimngoja mchuuzi wa mkokoteni, akanunua mitungi minne ya lita 20, naye binti yetu akaipandisha ngazi, mmoja baada ya mwingine, hadi orofa ya tatu.

Adhuhuri tukatia udhu. Tulipomaliza, binti yetu aliutazama mtungi, akasema kwa adabu, "Baba, robo imekwisha."

Lita 5 kwa udhu mmoja! Nasi ndio tunaosomesha mlango wa tohara miaka yote hii. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, na akikoga josho kwa mudi nne hadi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri; kwa kipimo cha madhehebu yetu ya Shafi haifiki lita moja. Hadithi hiyo tumewahifadhisha watoto wa watu. Udogoni mwetu tulitawadha kwa kata kutoka birika la msikiti, na kata humhesabia mtu. Mfereji haumhesabii.

Maji ya Mombasa hayazaliwi ukutani. Mengine hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, mwendo wa kilomita 220. Mengine Marere katika vilima vya Shimba, mengine visima vya Tiwi na vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Ya Baricho huvutwa kwa pampu za umeme, hata umeme ukizimika huko, mfereji huku nao hunyamaza. Kwetu umeme nao ulikatika usiku wa nne. Samaki wakaharibika, tukalala na joto letu. Hilo tulilisahau upesi.

Tusilolisahau ni la siku ya tano. Mwalimu wake alituuliza mbona binti yetu haonekani darsa ya alasiri. Kumbe saa hiyo ndiyo ya mkokoteni. Hakuna aliyemwamuru. Ni mazoea tu: wanaume wa nyumba hii huuliza, "Maji yapo?", na wanawake huhakikisha kwamba yapo. Tuliona haya, wallahi, maana kaka zake wawili walikuwa wamekaa barazani, nasi tukisoma kitabu.

Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.), Abubakar na Umar walitoka majumbani mwao kwa njaa, wakakirimiwa na Ansari mmoja kwa tende, nyama na maji matamu. Waliposhiba, Mtume aliwaambia kuwa wataulizwa juu ya neema ile. Ikiwa hao waliulizwa kwa mlo mmoja baada ya njaa, sisi tutajibu nini kwa mfereji tulioufungua mara ishirini kwa siku? Na maji yaliyobebwa na mtoto wa mtu?

Alasiri ile mitungi tuliipandisha sisi na wavulana. Tulipumzika mara mbili ngazini.

Maji yalirudi usiku wa sita, yakikohoa bombani, na nyumba nzima ikaamka. Asubuhi tulikuta mtungi mmoja na kata vimewekwa chini ya mfereji wa kutawadhia. Tulidhani vimesahauliwa, tukataka kuviondoa. Mama wa watoto wetu akasema viachwe hapo hapo.