Barua ya stima iseme na mwenye kushika swichi

Ipo barua moja ambayo haikosi kumfikia mfanyabiashara wa Kenya kila mwezi, biashara iwe imenawiri au imedorora. Barua hiyo ni bili ya stima. Zamani ililetwa kwa karatasi. Siku hizi wengi huipata kwa baruapepe au kwa simu. Wahandisi na wahasibu wameijadili kwa miaka mingi. Mimi nataka kuitazama kama mwanaisimu anavyoitazama matini yoyote: nani anasema, anasema na nani, na msikilizaji anatarajiwa kufanya nini baada ya kusikia?

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu bili ya aina hii waichambue. La kwanza walilobaini ni kuwa takribani haina vitenzi. Ni msafara wa nomino za Kiingereza: gharama ya nishati, gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya kusambaza umeme mashambani, ada ya maji, kisha ushuru wa VAT wa asilimia 16. Hakuna atendaye wala atendewaye. Kitenzi pekee kinachoeleweka bila shida ni kile kinachomtaka mteja alipe kabla ya tarehe fulani.

Huenda msomaji akaniambia kuwa hilo ni suala la mtindo tu. Hasha! Mchukue mwenye kinu cha kusaga unga aliyeamua kubana matumizi. Amebadilisha mkanda uliochakaa na kuwakataza vijana wake kuacha mota ikizunguka bila mahindi. Uniti zake zikapungua. Lakini gharama ya mafuta kwa kila uniti hubadilika, na viwango vyake vipya huchapishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ikiwa mwezi huo gharama hiyo na marekebisho ya fedha za kigeni vimepanda, shilingi anazodaiwa zaweza kuongezeka ilhali uniti zimeshuka. Yeye hutazama jumla iliyo chini. Akiona imepanda, anahitimisha kwamba kubana matumizi ni kazi bure. Kwa kadiri ya matini aliyopewa, hoja yake haina kasoro. Kilicho ndani ya uwezo wake na kisichokuwamo vimetiwa katika chungu kimoja na kupakuliwa pamoja.

Kwa wateja wakubwa mambo ni mazito zaidi, kwani wao hawalipii uniti peke yake. Hulipia pia kilele cha matumizi yao, kinachopimwa kwa kVA. Hebu tuchukue mfano wa kubuni wa kiwanda cha mikate. Alfajiri moja matanuri yote, mashine za kukanda na majokofu vinawashwa kwa pamoja. Kipindi hicho kifupi kinaweza kuamua gharama ya kilele kwa mwezi mzima. Bili itaonyesha tarakimu moja tu, baada ya mwezi kwisha. Barua yenye manufaa ingesema hivi: "Jumanne tarehe 12, saa kumi na moja alfajiri, ulivuta 180 kVA. Siku nyingine zote hukupita 130. Ukiliwasha tanuri la pili baada ya la kwanza kupata moto, kilele hicho kitashuka." Vitenzi vimerudi, na mtu amejua la kufanya. Hata hivyo, barua hiyo ingepaswa kufika tarehe 13 wala si mwisho wa mwezi.

Nchini Marekani, kampuni ya Opower, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijipatia sifa kwa kuziandikia nyumba ripoti za mara kwa mara zilizolinganisha matumizi ya kila nyumba na ya majirani. Mwanauchumi Hunt Allcott, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2011, alikuta kuwa ripoti hizo zilipunguza matumizi kwa takribani asilimia 2 kwa wastani. Si haba kwa kipande cha karatasi. Walakini, utafiti mwingine uliofanywa San Marcos, California, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba waliokuwa wakitumia kidogo kuliko majirani waliongeza matumizi baada ya kuambiwa hivyo, hadi pale ujumbe wao ulipoongezewa alama ya uso wenye tabasamu.

Sidhani kwamba desturi hiyo ya majirani yafaa kuhamishiwa kwa wafanyabiashara wetu. Jirani wa bucha ni kinyozi, na jirani wa kinyozi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Walinganishweje? Na wakiwa wa kazi moja, swali la kwanza litakuwa: "Na mshindani wangu ameambiwa nini kunihusu?" Heri mtu alinganishwe na nafsi yake: mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, na, ikiwezekana, uniti kwa kila gunia lililosagwa. Kazi ikiongezeka uniti zitaongezeka, na hilo si kosa la kumsuta mtu.

Kuna suala la anwani pia, ambalo kwangu ndilo kiini. Katika biashara nyingi za kadiri, bili hupokewa na mhasibu. Yeye huilipa na kuiweka kwenye faili. Swichi iko mikononi mwa fundi au msimamizi wa zamu, ambaye hajawahi kuiona barua hiyo maishani mwake. Tunasema na asiyeweza kutenda, kisha tunashangaa kwamba hakuna kinachotendeka. Shirika la umeme liombe nambari mbili kwa kila mita: ya mlipaji na ya mwendeshaji. Wa pili atumiwe arafa ya sentensi mbili kwa Kiswahili.

Nasema Kiswahili kwa sababu Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Lakini tusiwaachie watafsiri wa neno kwa neno. Mkenya husema stima, neno lililotokana na mvuke wa Waingereza, na husema uniti. Asiletewe "kilowati-saa zilizotumika".

Yawezekana kuulizwa: muuzaji wa uniti atafaidi nini akimfundisha mteja kununua chache? Jibu liko katika saa za siku. Jioni mahitaji ya nchi hufikia kilele, na mitambo ya mafuta, iliyo ghali, huhitajika zaidi. Usiku wa manane mahitaji hushuka, hata mvuke wa Olkaria umewahi kuachwa upotee hewani. Ndiyo maana tangu Desemba 2017 viwanda vimewekewa, kwa masharti, nusu bei ya nishati kwa saa za usiku. Shirika halimtaki mteja anunue chache. Lamtaka anunue saa nyingine. Bei hiyo imeandikwa kwa lugha ya majedwali, na msimamizi wa zamu hasomi majedwali. EPRA huwaita wananchi watoe maoni kila bei mpya zinapoombwa. Katika kikao kijacho, wenye viwanda wadogo wadai barua hii iwe sharti la kibali, pamoja na saa ambayo itafika.