Afande, tafuta usingizi kwanza, bunduki baadaye

Wanajeshi wanaokaribia kustaafu katika sehemu hizi za Mlima Kenya huwa na mipango inayofanana. Mmoja atafuga ng'ombe wa maziwa Othaya, mwingine atapanda maparachichi Mukurweini, na mwingine atajenga nyumba za kukodisha mjini Nanyuki. Siku hizi wapo wanaoongeza jambo moja katika orodha hiyo, nalo ni bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Afande huitaja kwa fahari, kana kwamba anataja trekta.

Sina ugomvi na raia anayemiliki silaha kwa leseni. Sheria ya nchi inamruhusu. Lakini mimi nikiwa daktari nina neno moja kwa mwanajeshi anayevua sare: mwaka wa kwanza na wa pili baada ya jeshi si wakati wa kuingiza bunduki nyumbani. Yafaa kwanza ajue kama amepona vita.

Tuzitazame sababu zinazotolewa. Wengine husema wanataka kufukuza nyani na ndovu wanaoharibu mimea. Hao wakumbuke kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatoa adhabu kali kwa anayeua mnyama wa pori bila idhini. Nyani wakivamia mahindi, wa kuitwa ni maafisa wa shirika la wanyamapori. Sababu ya pili ni wezi. Hii siwezi kuipuuza, kwa kuwa mtu aliyetia pensheni yake yote katika ng'ombe watano pale Kieni ana haki ya kuhofia usiku.

Wenye hoja hii huongeza kwamba mwanajeshi ni tofauti na raia wa kawaida kwa kuwa amefunzwa kutumia silaha. Ni kweli. Hata hivyo, tukumbuke pia jinsi jeshi lenyewe linavyotunza silaha. Kambini bunduki hukaa katika ghala. Hutolewa kwa saini, huhesabiwa, na hurudishwa kwa saini. Haikai chini ya kitanda cha askari aliyepokea barua mbaya kutoka nyumbani au aliyetoka kantini amelewa. Kwa hiyo afande anayeweka shotigani chumbani anaanza maisha ambayo jeshi halikumruhusu hata siku moja wakati wa amani.

Utaratibu huo una maana kubwa kiafya. Nchini Israeli, askari vijana walikuwa wakienda likizo za mwisho wa juma na bunduki zao. Mwaka 2006 jeshi la huko liliamua bunduki zibaki kambini. Watafiti walipohesabu baadaye, waliona kwamba visa vya askari kujiua vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 40. Hakuna dawa mpya iliyotolewa. Bunduki tu ndiyo iliyokosekana katika saa mbaya. Huko Marekani nako, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua, wala si vya wezi au waliouawa na wezi.

Msomaji huenda akasema kwamba anayetaka kufa atapata njia nyingine. Sivyo. Wazo la kujiua mara nyingi huja kama wimbi, likapanda na kushuka, pengine katika muda wa dakika chache. Akizuiliwa katika dakika hizo, mtu huishi, na wengi wa wanaookolewa hawafi kwa mikono yao baadaye. Njia nyingine huacha nafasi ya kujuta, kupiga kelele na kukimbizwa hospitali. Bunduki haiachi nafasi hiyo, kwani karibu watu tisa katika kila kumi wanaojipiga risasi hufa.

Wanajeshi wetu wa kizazi hiki wameona mengi. Waliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, na Januari 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. Baadhi ya waliokuwa katika vikosi hivyo leo wanakaa nasi Karatina, Kerugoya, Embu na Meru. Hatuwezi kuwatambua kwa sura, maana jeraha la kiwewe halionekani. Madaktari waliupa ugonjwa huo jina rasmi mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini wenyewe ni wa kale. Wazee wa Nyeri waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia walirudi nyumbani bila kuulizwa na yeyote kama wanalala.

Mama mmoja alikuja kutibiwa presha. Nilipomwuliza kuhusu usingizi, alinieleza kwamba yeye hulala baada ya mumewe, na mumewe hulala saa kumi alfajiri. "Daktari, hanipigi wala hanitukani," alisema. "Ila huzunguka boma usiku kucha na tochi, na sasa anataka bunduki." Kwa macho ya jirani, huyo ni mwanamume mwangalifu anayelinda mali yake. Kwa macho ya daktari, ni mtu ambaye mwili wake bado uko kwenye zamu ya ulinzi.

Dalili ni hizi: ndoto za kutisha zinazorudi, kushtuka mlango unapobamizwa, kukwepa mazungumzo au mahali panapokumbusha vita, hasira za ghafla, na ganzi ya moyo, yaani mtu haoni furaha hata kwa watoto wake. Dalili hizo zikipita mwezi mmoja, zinahitaji tiba. Pombe huzificha kwa saa chache na kuziongeza kesho yake. Wengine husumbuliwa pia na masikio yanayovuma kwa sababu ya milipuko. Hao wajue kwamba mlio wa shotigani hupita desibeli 150, na utazidi kuharibu masikio yasiyokingwa.

Habari njema ni kwamba kiwewe hutibika. Tiba ya mazungumzo na mtaalamu, kwa vikao vya kila juma kwa muda wa miezi michache, huwasaidia wengi, na dawa zipo kwa wanaozihitaji. Lakini mtu hujificha. Mwenyeji wa hapa akisikia "Mathari" huuliza kwanza kama ni ile ya Nyeri, hospitali ya misheni, au ile ya Nairobi, ya wagonjwa wa akili. Ikiwa ni ya Nairobi, hawezi kwenda. Sheria nayo ilitisha, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Afande asiogope tena kusema.

Basi nini kifanyike? Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza leseni kwa mlevi na kwa mtu asiye na akili timamu. Naomba wanaotoa leseni wasitosheke na karatasi iliyotiwa saini kwa dakika tano. Mwombaji aliyetoka vitani aulizwe kuhusu usingizi, na mkewe aulizwe peke yake, kwa siri. Hospitali za Nyeri, Nanyuki na Embu zitenge siku ya wanajeshi waliostaafu, ili mtu asisafiri hadi Nairobi kwa ajili ya nusu saa ya mazungumzo.

Kwa afande ambaye tayari anayo bunduki, aifungie ndani ya kasha la chuma, risasi zikae mahali pengine, na ufunguo mmoja ashike mtu mwingine. Siku akiona mawazo yake yanakuwa mazito, aipeleke kituo cha polisi itunzwe huko. Hilo si jambo la aibu, kwani hata jeshini aliirudisha ghalani kila jioni. Kwa ulinzi wa boma, mbwa wawili, taa nzuri na majirani wanaopigiana simu hufanya kazi kubwa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomgeukia mwenyewe usiku.

Nanyi wake, ndugu na marafiki, msiogope kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halipandi mbegu, bali hufungua mlango. Simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, hupokewa na watu waliofunzwa kusikiliza. Na afande anayesoma haya usiku wa manane, akiwa ameshindwa tena kulala, aje kliniki iliyo karibu naye kesho asubuhi. Ng'ombe watakamwa na mtu mwingine.