"Ni mawazo ya vita tu": hilo si jibu la daktari

Hapa Mapendo, mama akianza kueleza maumivu yake, mara nyingi anakatwa kabla hajamaliza: "Mama, hayo ni mawazo ya vita. Nenda upumzike." Anapewa parasetamoli, anarudi nyumbani.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alinieleza yaliyompata. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Kichwa kilimuuma siku tatu, uso na miguu ilivimba, macho yakaona ukungu. Katika kituo cha afya aliambiwa ana mawazo. Hakuna aliyempima tansio. Usiku uliofuata alishikwa na degedege, majirani wakambeba mpaka hospitali. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Ndugu zangu, hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba. Kila muuguzi amezisoma shuleni. Baada ya mwezi wa tano wa mimba, tansio ikifika 14 kwa 9, mama apimwe mkojo na afuatiliwe kwa karibu. Ikiwa kali, kuna sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Lakini sindano hiyo itamfikiaje mama ambaye hakuna aliyemsikiliza?

Najua waganga watasema: tangu vita viingie Goma Januari 2025, wagonjwa ni wengi na dawa ni chache. Ni kweli, na tunawashukuru waliobaki kazini. Lakini kupima tansio ni kazi ya dakika chache, na mashine ya kupampu kwa mkono haingoji umeme. Kusikiliza nako hakununuliwi.

Mwanamke aliyelala hemani Bulengo au Lushagala, kisha akaona kambi inavunjwa Februari 2025, ana mawazo, ndiyo. Lakini mwenye mawazo naye huugua. Vita visiwe fishi moja ya kuandikia magonjwa yote ya wamama.

Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Hairuki mkimbizi wala maskini.

Kwa hiyo tunadai: kila mama mjamzito anayelalamika kichwa apimwe tansio siku hiyohiyo, na namba iandikwe kwenye fishi yake. Mama, usione haya kuiomba. Nanyi wababa, msiwaache waende peke yao. Hata baada ya kujifungua, hatari hiyo inaweza kutokea kwa wiki kadhaa.