Akili anaishi Kilimanjaro, mbona hajui Kichagga?

Haya jamani, siasa tuziweke pembeni leo, tuongee habari za watoto.

Kama nyumbani kwako kuna mtoto mdogo, basi unamjua Akili, yule binti wa katuni mwenye miaka minne anayeishi na familia yake chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia Lala Land, anakutana na rafiki zake wanyama, wanaimba na kuhesabu. Kipindi chake, Akili and Me, kinatengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, hao hao walioanza kuturushia Ubongo Kids mwaka 2014.

Akili si wa Kiswahili na Kiingereza tu. Anaongea pia Kifaransa, Kihausa na Kinyarwanda. Mtoto wa kaskazini mwa Nijeria anamsikia kwa lugha ya mama yake. Mtoto wa Kibosho, anayeuona mlima wenyewe akifungua dirisha, hamsikii kwa lugha ya bibi yake.

Siwalaumu Ubongo. Kazi yao naipenda, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha Watanzania. Lakini hebu tumwangalie Xuxa wa Brazil. Huyu dada alianza kipindi chake cha watoto kwenye televisheni ya Globo mwaka 1986, na mwaka 1988 akatoa Ilarié kwa Kireno. Angeweza kuwaambia watoto wa Argentina wajifunze Kireno. Hakufanya hivyo. Aliingia studio akazirudia nyimbo zake kwa Kihispania, na kuanzia 1991 akawa na kipindi huko huko Argentina. Mtoto alifuatwa kwenye lugha yake.

Najua utaniambia Xuxa alifuata soko. Kweli kabisa. Wenye Kihispania ni mamilioni kwa mamilioni, sisi tuko mlima mmoja. Utaniambia pia, Kichagga kipi? Cha Machame? Cha Rombo? Cha Vunjo? Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikutana sokoni Moshi mjini, wanaongea Kiswahili ili waelewane.

Hoja ya kwanza ina uzito. Hii ya pili kwangu ni kisingizio. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa miaka mingi Old Moshi, alitafsiri Agano Jipya kwa Kichagga cha pale pale. Hakungoja Wachagga wote wakubaliane. Kama maandiko yaliweza kuanza na upande mmoja wa mlima, wimbo wa kuhesabu mpaka kumi unashindwaje?

Ninachosema kina haraka. Kila Desemba mabasi yanapanda yamejaa ndugu zetu wa Dar wanaokuja kula Krismasi nyumbani. Angalia watoto wao kihambani. Bibi anamwita mjukuu, mjukuu anamgeukia mama: "Bibi anasemaje?" Mama anatafsiri. Siku mama hayupo, wanabaki kutazamana na kucheka. Bibi huyo ana hadithi za sungura na nyimbo za kubembeleza ambazo hazipo kwenye kitabu chochote. Siku tukimzika migombani, anaondoka nazo.

Na usidhani ni watoto wa Dar tu. Hapa hapa Moshi mjini mambo ni yale yale.

Mimi siombi katuni ya mamilioni. Naomba nyimbo kumi. Kwaya zetu zina waimbaji wa kumwaga, studio za kurekodi zipo mjini, na simu inayorekodi kila mtu anayo mfukoni. Kimachame waanze na zao, Warombo wafuate na zao. Zikiwekwa kwenye simu ya mama Desemba hii, mtoto atazisikiliza mara hamsini kwa siku, maana watoto ndivyo walivyo. Ikifika Pasaka anamhesabia bibi yake ndizi kwa Kichagga.

Hiyo haitampunguzia Kiswahili wala Kiingereza. Akili mwenyewe ana lugha kadhaa na bado anapata usingizi wake vizuri.

Wewe mwenzangu unaonaje? Na mwanao anajua kuhesabu mpaka ngapi kwa lugha ya bibi yake?